Barua kwa Muuguzi: Usimfiche Anayekupikia

Mwezi huu barua tatu zimenijia juu ya jambo moja: upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula. Nimezisoma mara mbili mbili. Nimekuwa muuguzi miaka 31, mingi yake wodi ya upasuaji hapa Pwani, na miaka sita iliyopita nililazwa mimi mwenyewe, kilo 112, magoti yamekataa ngazi. Kwa hiyo katika haya ninayowajibu, mengine nimeyasomea kazini na mengine yamenipitia mwilini.

Naanza na ya Malindi, maana ile haikuwa ya kungoja.

*Salaam. Mimi ni fundi wa mashine za boti. Wiki sita zilizopita nilifanyiwa ule upasuaji wa kukipitisha chakula njia ya mkato. Siku nane sasa kila ninachokula kinarudi, hata uji. Maji yanakaa kwa shida. Tangu juzi naona vitu viwili viwili na nikitembea nayumba. Pia mgongo unaniuma, nanunua diclofenac kemisti. Sitaki kusumbua hospitali, nadhani ni tumbo linajizoesha. — Fundi, Malindi*

Kaka yangu, wewe jibu lako ulilipata kwa simu siku ile ile barua ilipofika, na nashukuru hukubishana, ulikwenda. Naliweka hapa kwa ajili ya mwingine aliye nyumbani sasa hivi anatapika na kujiambia atapoa.

Mwili hauna ghala kubwa la vitamini B1. Akiba yake ni ya wiki mbili tatu, basi. Mtu aliyepunguzwa mfuko wa chakula anakula kidogo, na akianza kutapika siku nenda siku rudi, akiba ile huisha. Ikiisha, ubongo ndio unaoumia. Kuona viwili viwili, kuyumba, kusahausahau au kuchanganyikiwa ni dalili zake, na ni dharura ya leo. Ukichelewa, madhara mengine hayaondoki tena. Kwa hiyo unakwenda hospitali iliyo karibu, unawaambia umefanyiwa upasuaji gani na lini, unataja kutapika na macho, na unawaomba wakuchome B1 kabla ya kukutundikia dripu ya glukosi, kwa sababu sukari ile hutumia hata kile kidogo cha B1 kilichobaki. Si kila zamu atakutana nawe mtu aliyezoea wagonjwa wa namna yako. Ndiyo maana nawaambia wote: karatasi ya hospitali yenye jina la upasuaji, tarehe na simu ya daktari ikae ndani ya pochi pamoja na kitambulisho.

Diclofenac acha. Acha na ibuprofen, na aspirini usimeze mpaka daktari wako aseme. Pale mfuko mdogo ulipounganishwa na utumbo, dawa hizi huleta vidonda. Mgongo una paracetamol, na una daktari wa kuuangalia.

Na neno "kusumbua" litoe kabisa. Nimekaa dawati la wodi miaka yote hiyo. Aliyetuletea kazi usiku si yule aliyekuja mapema, ni yule aliyevumilia siku nane.

Sasa barua ndefu, kutoka Lamu.

*Shikamoo mama. Nina miaka 38, naishi Mkomani. Urefu wangu mita 1 na sentimita 60, uzito kilo 118. Kisukari huu mwaka wa tano, presha mwaka wa pili, na usiku nakoroma, pumzi inakatika, mpaka watoto wamehama chumba. Daktari wa Nairobi amenipa tarehe ya kukatwa mfuko wa chakula, miezi miwili ijayo. Mume wangu anajua. Mama mkwe, ambaye tunakaa nyumba moja na ndiye anayepika, sitaki ajue. Atasema nakufuru umbo aliloniumba Mungu, na mtaa mzima utakuwa na la kusema. Nimepanga kusema nakwenda kutibiwa nyongo. Kazi yangu ni mahamri na viazi karai, nauza asubuhi. Nataka kujua nijitayarishe vipi, nitakaa bila kazi siku ngapi, Ramadhani itakuwaje, na je, nitaweza kupika nisichoweza kula? — Muuza mahamri, Lamu*

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo manne, lakini lililonikaa moyoni ni hilo ambalo hukuliuliza. Ulilisema tu kama limekwisha: mama mkwe asijue.

Nitakusimulia langu. Mimi nami nilificha. Nyumbani niliwaambia ni "tumbo tu", wakaridhika. Siku ya kumi na moja, nikiwa bado kwenye maji na supu, dada yangu mkubwa alikuja na bakuli la kolekole wa kupaka. Alimchambua miiba kwa vidole vyake, ukwaju wenyewe mwingi jinsi ninavyopenda. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akasema, "Kula, mdogo wangu, umekauka." Nikala tonge mbili. Nilimwonea haya. Ile ya pili haikushuka. Ilisimama hapa nyuma ya kifua kama ngumi, mate yakajaa mdomoni hata sikuweza kuyameza, nikawa natema kwenye beseni, jasho linanitoka, moyo unanipiga masikioni. Saa nzima. Kisha kikapanda, kikatoka. Mshono haukufumuka, na hilo ni la Mungu tu.

Dada yangu alidhani amenilisha sumu. Alilia kuliko nilivyolia mimi, kwa kosa ambalo lilikuwa langu. Siku ile nikamweleza kila kitu. Kesho yake alikuja na kichungio cha chai. Supu ya changu aliichuja mara mbili, akaiangalia kwenye mwanga wa dirisha kama anatafuta chembe ya mchanga kwenye mchele, ndipo akanipa. Tangu hapo hakuna mtu aliyeingia na sahani chumbani mwangu bila kupita kwake.

Ndiyo maana nakwambia: anayekupikia lazima ajue. Daktari atakuwa na wewe saa mbili za thieta na siku chache za wodi. Mama mkwe atakuwa na wewe asubuhi, mchana na jioni, na kwetu sisi mapenzi hupitia kwenye sahani. Usipomwambia, atakulisha, na atakulisha kwa nia njema.

Na huo uongo wa nyongo, mwanangu, ndio mbaya zaidi ya wote. Mtu anayepungua kilo nyingi kwa haraka hupata vijiwe vya nyongo mara nyingi kuliko wengine, ndiyo maana baadhi ya madaktari hutoa vidonge vya kuvizuia kwa miezi sita ya mwanzo. Sasa fikiria mwezi wa tano unashikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, umelala hujiwezi, na mama mkwe ndiye anayejibu maswali ya daktari. Atasema, kwa uaminifu wake wote, "Nyongo alishatibiwa Nairobi." Umemfunga daktari macho.

Mwambie akiwa peke yake, baada ya alasiri akishapumzika, mumeo awepo. Usianze na umbo. Anza na sukari. Mwonyeshe kijitabu cha kliniki, mwambie usiku pumzi inakatika na unaogopa kuwaacha watoto. Kutafuta dawa ya maradhi si kukufuru, na kama moyo wake utabaki na shaka, nendeni kwa sheikh mnayemwamini na mbebe ripoti za daktari. Kisha mpe kazi. Mwombe yeye ndiye awe mlinzi wa chakula chako. Mama mtu mzima ukimpa habari atakuwa na maoni, ukimpa amana ataishika.

Watu wa nje si lazima wajue. Utakapopungua watasema unaumwa. Kukonda kwa haraka kwetu kuna maneno yake, na yatasemwa mbele yako kwa sauti ya huruma. Jibu "nimetibiwa sukari, alhamdulillahi" linatosha, na ni kweli.

Sasa upasuaji wenyewe. Kilo 118 ukigawanya kwa urefu wako, 1.6, kisha tena kwa 1.6, unapata 46, na hicho ndicho kipimo cha unene wanachokiita BMI. Tangu mwaka 1991 madaktari walitumia kiwango cha 40, au 35 kwa mwenye maradhi kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vyao vikubwa vya kimataifa vikashusha kuwa 35 hata kwa asiye na maradhi mengine. Wewe umo, hilo lisikupe shaka. Kama ulivyoandika, utakatwa mfuko wa chakula: huondolewa kama robo tatu yake au zaidi kidogo, kwa matundu madogo tumboni na kamera, ukabaki mrija mwembamba kama ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi ile homoni ya njaa, kwa hiyo miezi ya mwanzo utashangaa adhuhuri imeingia na hukukumbuka chakula. Ulichokatwa hakirudi. Kufa kwa upasuaji huu ni nadra, karibu mtu mmoja kwa elfu mahali penye uzoefu, lakini mmoja ni mtu. Muulize daktari wako ameshafanya wangapi na akipata tatizo usiku nani anakuja. Asikuonee vibaya. Akikasirika, hilo nalo ni jibu.

Wiki mbili za mwisho kabla ya kukatwa utapewa chakula maalumu, na hapa ndipo watu wengi huibia. Wanadhani ni adhabu ya kuwajaribu. Sivyo. Ini la mtu mnene mara nyingi limejaa mafuta, limevimba, na limeulalia mfuko wa chakula. Daktari lazima aliinue ndipo afike. Likiwa zito na laini kama siagi, linavuja damu, na pengine anaahirisha kazi akiwa ameshakufungua. Ukiacha wali, mkate, sukari na mafuta kwa hizo wiki mbili, ini husinyaa. Lakini wewe una kisukari: ukila kidogo na kumeza dawa zile zile, sukari inaweza kushuka ukaanguka. Kabla hujaanza, daktari akuandikie kipimo kipya cha dawa, na akuandikie kwenye karatasi, si kwa mdomo.

Mkoromo wako mtajie daktari wa nusukaputi kwa jina lake kamili: unakoroma na pumzi inakatika. Kuna watu huhitaji mashine ya kupumulia wakilala, kabla ya upasuaji na baada. Kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, taja, kwa sababu vingine huongeza damu kuganda. Kama kuna shisha mahali, iwe imeachwa wiki sita kabla kwa uchache. Na damu ipimwe chuma, B12 na vitamini D kabla, ili ujue unaingia na nini.

Maandalizi niliyoyafanya mwenyewe yakanifaa kuliko yote yalikuwa ya shilingi kidogo. Nilinunua kijikombe cha kahawa, kile cheupe kisicho na mkono cha muuza kahawa chungu. Miezi miwili kabla ya tarehe nikaanza kunywea maji humo. Funda moja, naweka chini. Funda jingine, naweka chini. Mwanzoni ilinikera, nilikuwa mtu wa kushusha glasi nzima nimesimama. Lakini baada ya kukatwa, maji ndiyo yanayowarudisha watu hospitali: huwezi tena kunywa mengi kwa mara moja, na unahitaji lita moja na nusu kwa siku au zaidi. Hayapatikani ila kwa kijikombe kutwa nzima. Na usinywe ukiwa unakula, wala nusu saa baadaye. Anza kujizoesha sasa, ukiwa bado mzima.

Jambo la pili ni sinia. Sinia ni baraka, lakini humfundisha mtu kula haraka, na mkono wa mwenzako hukupigia hatua. Kuanzia wiki hii jitolee kwenye kisahani cha kikombe, ukae na wenzako hapo hapo kwenye mkeka, ule kwa kijiko cha chai, utafune mpaka kiwe uji. Watu wa nyumbani waizoee sura hiyo mapema. Ukirudi kutoka Nairobi haitakuwa kitu kipya.

Safari. Wewe unakaa kisiwani, na hili vijikaratasi vya hospitali havilisemi. Usirudi Lamu siku ya tano kwa sababu umejisikia vizuri. Mshono ukivuja, mara nyingi ni katika siku na wiki za mwanzo, na ukishikwa usiku Mkomani una bahari mbele yako kabla hata ya kuiona barabara. Tafuta jamaa Nairobi ukae wiki mbili. Ukirudi kwa ndege, ukishuka Manda piga hesabu ya maji: maji yakiwa yamekupwa, ngazi za gati huwa na utelezi wa kijani na boti iko chini, unalazimika kuruka na kuvutwa mkono. Tumbo lenye mshono halivutwi mkono. Rudi maji yakiwa yamejaa. Ukirudi kwa basi, kila saa ushuke utembee, na ndani ya gari uwe unazungusha vifundo vya miguu, kwa sababu damu huganda miguuni kwa kukaa. Kupanda punda sahau wiki sita.

Jioni ile ile ya upasuaji watakusimamisha utembee. Utachukia. Tembea. Ile hewa wanayojaza tumboni huumiza mabega siku mbili tatu, na kutembea huiondoa. Mfundishe mumeo kuhesabu mapigo ya mkono kwa saa kabla hamjaondoka wodini. Mapigo yakipita 120 kwa dakika umelala tu, au homa ikipanda, au maumivu ya tumbo yakazidi badala ya kupungua, au bega la kushoto likauma kwa namna mpya, au pumzi ikawa fupi, au mguu mmoja ukavimba na kuuma, hakuna kungoja asubuhi.

Chakula hupanda ngazi pole pole, na ngazi yenyewe utapewa na hospitali yako, kila moja ina yake kidogo. Kwa kawaida siku ya kwanza na ya pili ni maji na vitu unavyoona chini ya kikombe: supu iliyochujwa, chai nyepesi bila sukari. Kisha mpaka wiki ya pili maziwa, mtindi mwepesi, supu ya samaki iliyochujwa. Wiki ya tatu na ya nne vitu vilivyopondwa laini: pojo zilizopikwa zikavurugika, changu aliyesagwa na mchuzi wake, yai la kuvuruga laini, na bokoboko jepesi kijiko kimoja kimoja ukiruhusiwa. Wiki ya tano na ya sita samaki laini wa kuchemsha. Pweza na nyama ngumu mwisho kabisa. Wali na mkate huvimba na kukwama, usiukimbilie. Soda usiiguse, mapovu yake yanauma. Dafu ni tamu na lina sukari, lisichukue nafasi ya maji.

Kinachotangulia mdomoni kila mlo ni protini, uchache gramu 60 kwa siku. Yai moja lina gramu 6. Kikombe cha maziwa 8. Kipande cha samaki cha gramu mia kina kama 20. Lamu hukosi samaki, na hilo ni bahati ambayo wagonjwa wa bara wangeitamani.

Vitamini ni za maisha. Sisemi za mwaka. Ya jumla kila siku, B12, chuma, vitamini D, na kalisiamu. Chuma na kalisiamu visikutane, vipishane saa mbili, na chuma usikimezee chai, maana chai hukifunga. Mama mkwe atakuletea vidonge na kikombe cha chai ya maziwa kwa huruma, mweleze mapema. Damu upimwe mara kadhaa mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka.

Sukari yako huenda ikashuka ndani ya siku chache, kabla hata uzito haujaondoka. Ni habari njema yenye hatari ndani yake. Pima kila siku, na usirudie dozi za zamani kwa mazoea.

Kazi. Kukaa dukani au kuhesabu pesa utaweza wiki ya pili au ya tatu. Karai lenyewe lipe wiki nne mpaka sita. Si moto tu. Kukanda unga wa mahamri kunavuta misuli ya tumbo kuliko unavyodhani, na mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20, wakati wewe huruhusiwi kuinua zaidi ya kilo tano. Tafuta sasa msichana wa kukukandia, umfundishe kipimo chako cha iliki na tui kabla ya kuondoka, wateja wasione tofauti. Ukirudi, simama mbele ya moto na kijikombe chako karibu, kizunguzungu kikija kaa.

Umeuliza kama utaweza kupika usichoweza kula. Hili nimelifikiria siku mbili. Njaa itakwisha, mwanangu. Hamu haikatwi. Alfajiri hamri linavimba kwenye mafuta, harufu ya iliki imejaa uchochoroni, na mkono wako umezoea kumega la kwanza tangu una miaka kumi na mbili. Wiki za mwanzo harufu hiyo inaweza kukuchefua, na utafikiri umepona. Halafu mwezi wa nane au wa kumi inarudi. Na mfuko mwembamba haukulindi na vipande vidogo vya unga na sukari, hupita kwa urahisi kuliko samaki. Mimi nilifika kilo 81 baada ya mwaka na nusu. Ramadhani iliyofuata kaimati moja moja jikoni zilinipandisha mpaka 86, na sikuwahi kukaa nikala sahani moja ya kaimati. Ilinichukua miezi saba kurudi 84, ndipo nilipo leo. Kwa hiyo kuonja mpe mwingine. Yule msichana wa kukanda awe ndiye mwonjaji, na wewe uingie jikoni ukiwa umeshakula yai lako, usiingie tumbo tupu.

Na Ramadhani: karibu madaktari wote watakuomba usifunge mwaka wa kwanza, wengine husogeza mpaka mwaka na nusu. Kati ya magharibi na daku hakuna saa za kutosha kuingiza maji lita moja na nusu kwa kijikombe pamoja na protini, na wewe una dawa za sukari juu yake. Suala la kulipa au fidia mwulize sheikh ukiwa na barua ya daktari mkononi. Najua usiku ule wa kwanza utauma. Mimi nilikaa na wenzangu kwenye futari na bakuli langu la supu, na dada yangu akakaa upande wangu asije mtu akanisogezea sambusa.

Barua ya tatu ni fupi.

*Shikamoo. Nina miaka 27, niko Shela, Lamu. Nilikatwa mfuko wa chakula miezi minne iliyopita, kilo 29 zimeondoka. Nywele zinatoka, kila nikichana kitana kinajaa. Harusi yangu ni baada ya miezi mitano, na fundi wa nguo ameshanichukua vipimo. Nipe dawa ya nywele. Na mama anataka mjukuu upesi, nishike mimba mara moja? — Bibi harusi mtarajiwa*

Marahaba, mwanangu, na hongera. Nywele kutoka kati ya mwezi wa tatu na wa sita ni jambo la kawaida. Mwili ulipata mshtuko wa upasuaji na kupungua haraka, nywele nyingi zikaingia mapumziko kwa pamoja, sasa zinaanguka kwa pamoja. Mzizi haujafa. Kwa wengi zinarudi zenyewe. Usinunue mafuta ya bei. Hesabu protini yako wiki moja kwa kalamu na karatasi, pima chuma na zinki, na ujiulize kwa kweli kama vitamini unameza kila siku. Vidonge vya bayotini wanavyovisifu havina msaada kama hukupungukiwa, na huharibu majibu ya baadhi ya vipimo vya damu. Ukiwa navyo, mwambie mtu wa maabara. Usizisuke kwa kuzivuta.

Mimba ngoja. Madaktari husema miezi 12 mpaka 18 tangu upasuaji, kwa sababu sasa mwili wako unatoa, hauna cha kumgawia mtoto. Na jihadhari: ukipungua, hedhi hutengemaa na mimba hushika kwa urahisi kuliko zamani, hata kwa waliokuwa wakisumbuka kuipata. Harusi yako itakuwa mwezi wa tisa tangu upasuaji, kwa hiyo onana na kliniki kabla ya harusi uchague kinga isiyotegemea kumeza, kama vijiti vya mkono au koili. Mama mweleze tarehe yenyewe, mwezi na mwaka, ili awe na kitu cha kuhesabu.

Na nguo ya harusi, ulisema fundi ameshakuchukua vipimo. Mwambie asikate kitambaa. Akuchukue tena wiki tatu kabla, na aache mshono mpana kiunoni.